Kulijua jiwe la Isimila, na sababu ya kuliacha lilipo

Ukishuka kutoka Iringa mjini hadi Ipogolo, ukashika barabara kuu ya kwenda Mbeya, kilomita kama 20 mbele unafika kijiji cha Ugwachanya. Ni kijiji kama vingine vya Uhehe: nyumba za matofali ya kuchoma na bati, mashamba ya mahindi na alizeti, mbuzi njiani, vinyungu (bustani za bondeni) kiangazi kikiingia. Unaiacha lami, unafuata njia ya vumbi kwa mwendo mfupi, kisha ardhi inakatika ghafla. Chini kuna korongo la Isimila. Mawe yaliyotapakaa humo ndani, mengi yake yalichongwa kwa mikono ya watu laki kadhaa za miaka iliyopita.

Isimila ikitajwa, nguzo za udongo ndizo hutangulia, zile ndefu zinazozidi mita kumi, ambazo kila mgeni hupenda kusimama mbele yake apigwe picha. Ni nzuri, sikatai. Ila nguzo ni kazi ya mvua. Kazi ya watu iko chini ya miguu, na wageni wengi huikanyaga wakizikimbilia nguzo. Hapa nitazungumzia hiyo iliyo chini: jinsi ya kulitambua jiwe lililochongwa, la kufanya jembe likigonga moja shambani, na namna ya kulizuia korongo lisile kilichobaki. Korongo hilohilo linalotuonyesha mawe ndilo linaloyapoteza, na jambo hilo husahaulika upesi.

Zamani palikuwa na bwawa la kina kifupi na vijito vilivyoliingia. Mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi vilitulia tabaka juu ya tabaka. Watu walikaa kando ya maji, wakachonga, wakatumia, wakaacha vyombo vyao palepale. Mafuriko yakaja na mchanga mwingine, yakafunika. Baadaye sana bwawa likatoweka na kijito cha Isimila kikaanza kuzikata tabaka zile kutoka juu kwenda chini. Ndiyo maana ukisimama korongoni na kutazama ukuta, unaona mistari: mchanga wa kijivu, mfinyanzi, mchanga tena wenye changarawe. Kila mstari ni wakati wake. Jiwe linalochungulia ukutani bado liko nyumbani kwake. Lile lililolala kwenye mchanga wa kijito limeshaanguka, na huenda mvua ya mwaka jana ililisukuma hatua mia.

Mahali hapa palijulikana kwa wasomi mwaka 1951, mwanafunzi wa shule moja ya Johannesburg aliyekuwa njiani kutoka Nairobi kurudi kwao alipookota zana kadhaa na kuzibeba. Kwa hiyo sifa ya Isimila ilianza kwa jiwe kuhamishwa, jambo ambalo leo lingemtia mtu matatani. Uchimbaji wa utaratibu ulifanywa mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwa na Glen Cole na Maxine Kleindienst. Walikuta zana katika tabaka zaidi ya moja, na tabaka hazifanani: penye mashoka makubwa mengi, na penye vyombo vidogo vidogo zaidi. Tofauti hiyo isingeonekana kabisa kama mawe yote yangekusanywa kwenye rundo moja.

Umri nao. Ukisikia mtu anataja miaka 60,000, huyo anasoma maandishi ya zamani. Kipimo cha umri kwa urani na thoriamu, madini yanayobadilika kwa mwendo unaojulikana, kilichofanywa kwenye mfupa kutoka Isimila, kilichochapishwa mwaka 1972, kilitoa takriban miaka 260,000. Ni kipimo chenye nafasi kubwa ya kupungua au kuzidi, kwa hiyo kisisemwe kama tarehe ya kuzaliwa. Kinatosha kutuambia kwamba tuko mbali sana nyuma ya miaka 60,000. Mifupa ya wachongaji wenyewe haikupatikana. Iliyopatikana ni ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, mwenye matundu ya macho yaliyoinuka juu ya fuvu kiasi kwamba angeweza kuzama karibu mwili wote na bado akaona. Kiboko maana yake maji ya kudumu. Ukitazama korongo kavu la mwezi wa Septemba, inahitaji juhudi kuliamini.

Jiwe gani, na kwa nini hilo

Wachongaji hawakuokota tu chochote. Isimila kuna zana za itale (graniti), za kwatsi jeupe, za kwatsaiti (mchanga wa kale uliogeuka mwamba mgumu), na za miloniti, yaani mwamba uliosagwa na kuvutwa chini sana ardhini pale pande mbili za miamba ziliposuguana. Kila jiwe lina tabia yake, na tabia hiyo inaonekana hadi leo.

Miloniti ina punje ndogo sana na imeshikamana, hivyo hupasuka kwa kufuata nguvu ya pigo na makovu yake hubaki wazi. Itale ina punje kubwa za aina mbalimbali. Hupasuka kwa ukaidi, na baada ya kukaa ardhini muda mrefu baadhi ya punje huoza, uso unakuwa kama chumvi ya mawe iliyolowa. Shoka la itale lililochongwa vizuri kabisa laweza leo kuonekana kama jiwe lolote lenye umbo la jani. Kwatsi lina nyufa ndani yake, hivyo huvunjika vipande vya pembepembe kabla mchongaji hajapata alichotaka. Ndiyo maana vyombo vya kwatsi kwa kawaida ni vidogo. Anayejifunza kutambua zana aanze na miloniti, aje itale mwishoni.

Pigo linavyofanya kazi

Huwezi kulitambua jiwe lililochongwa bila kujua lilichongwaje, na kanuni yenyewe ni fupi. Mawe haya hayachongwi kama mti kwa kukwangua. Yanabanduliwa vibanzi kwa kugongwa na jiwe jingine, na kila kibanzi kinachotoka huacha kovu la mviringo kwenye jiwe mama.

Kwanza lazima pawe na ukingo ambapo nyuso mbili zinakutana kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Kati ya 60 na 80 ndiyo hufanya kazi vizuri. Jiwe la mviringo kama yai halibanduki, hata ukiwa na nguvu za ng'ombe, kwa sababu halina ukingo wa kupigia. Hilo hupasuliwa kwanza. Pili, pigo hutua karibu na ukingo, nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu ndani kwa jiwe la kushikika mkononi. Ukipiga ndani zaidi, nguvu inamezwa na jiwe na hakuna kinachotoka, au jiwe zima linapasuka katikati. Ukipiga ukingoni kabisa, ukingo unasagika. Tatu, pigo lielekee ndani na chini, kama unayetaka kibanzi kisafiri chini ya uso wa jiwe.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kibanzi kukatika katikati ya safari. Kinaacha ngazi, yaani kovu linaloishia ghafla kwa ukuta mdogo badala ya kufifia. Ngazi ya pili ikirundikana juu ya ya kwanza, pale pamekufa: mapigo yote yajayo yatagota palepale. Tazama mashoka ya Isimila yenye kinundu kinene upande mmoja. Mara nyingi ni hapo mchongaji aliposhindwa na kuamua linatosha. Kwa kuyaepuka hayo, mchongaji husugua ukingo kwa jiwe kidogo kabla ya kupiga, ili usisagike pigo linapotua.

Kwa zana kubwa kulikuwa na hatua moja kabla. Kipande kikubwa, kirefu kuliko kiganja, kilibanduliwa kutoka kwenye jiwe kubwa lisiloinuliwa kwa mkono mmoja, kwa kutumia jiwe la kugongea lenye uzito wa kilo kadhaa. Kipande hicho kilitoka tayari na ukali pande zote, na kilichobaki kilikuwa kukipa umbo. Kwa njia hiyo mtu mwenye uzoefu hupata shoka kwa mapigo machache, wakati anayeanza na jiwe zima huhitaji mengi.

Yakiwa tayari, maumbo makuu ni haya. Shoka la mkono lina umbo la jani au chozi, limebanduliwa pande zote mbili, na ukali unazunguka hadi ncha. Shoka la makali mapana halina ncha. Mbele limekatika kama jembe dogo, na makali hayo ya mbele hayakuguswa kabisa baada ya kipande kubanduliwa. Hili wengi hulikosea. Wanadhani halikumalizika, kumbe makali yale mabichi ndiyo yaliyotafutwa, na kazi yote ya mchongaji ilikuwa kunyoosha mbavu mbili ili lishikike. Kuna vikwangulio, ambavyo ni vibanzi vilivyonolewa ukingo mmoja kwa mabanduo madogo yaliyopangana. Kuna pia mawe ya duara yaliyogongwagongwa kila upande. Na Isimila ina mashoka makubwa ya ajabu, mengine yanayozidi sentimita 30, ambayo ukiyanyanyua unajiuliza yalikuwa ya kazi gani kwa mtu aliyepaswa kuyashika kwa mkono bila mpini. Majibu yanayotolewa ni mengi. Mimi sijaona hata moja linalonitosheleza.

Lililochongwa na la kawaida

Kwenye kibanzi, tafuta vitu vitatu kwa pamoja: sehemu ndogo bapa juu ambapo pigo lilitua, kinundu kilichovimba chini yake upande wa ndani, na mawimbi hafifu yanayosambaa kutoka kwenye kinundu kama maji yaliyotupiwa kokoto. Kwenye jiwe mama au shoka, tafuta kinyume chake: makovu yenye shimo dogo karibu na ukingo, yakipandana kwa mpangilio, zamu upande huu zamu upande ule. Kovu moja halithibitishi kitu. Jiwe likianguka kutoka ukutani na kugonga jingine hupata kovu moja au mawili. Makovu matano au zaidi yanayozunguka ukingo na kuelekea kwenye umbo moja ni jambo jingine.

Yapo mawe yanayodanganya. Itale huvuliwa magamba na jua na baridi. Mchana wa Oktoba na usiku wa Juni wa nyanda za juu unatosha kazi hiyo, na gamba la itale ni jembamba lenye ukingo mkali. Litazame ndani: halina kinundu wala mawimbi, na limepinda kufuata umbo la jiwe lililotoka. Moto wa kuandaa shamba hurusha vipande vya mviringo kama vifuniko vya sufuria. Navyo havina mahali pa pigo. Mawe yaliyoviringishwa na kijito yana makovu, lakini kingo zake zote ni butu sawasawa.

Mdanganyifu mkuu ni kokoto. Wanaoponda kokoto kando ya barabara wanatumia fizikia ileile ya mtu wa kale: jiwe gumu juu ya jiwe gumu. Kibanzi cha kokoto kina kinundu cha kweli, mawimbi ya kweli, mahali pa pigo pa kweli. Tofauti iko kwenye rangi na kwenye mpango. Uso uliopasuliwa jana una rangi ya ndani ya jiwe, safi na yenye kung'aa kidogo. Uso wa kale una rangi moja na sehemu nyingine za jiwe, umefifia, na mara nyingi udongo umejishika kwenye vijishimo. Isitoshe, mponda kokoto hana haja ya umbo, kwa hiyo vipande vyake vinaelekea kila upande. Angalia hilo hasa karibu na barabara, na popote greda lilipopita. Meno ya greda na ncha ya jembe huacha makovu mapya juu ya jiwe la kale, na unaweza kukuta jiwe moja lenye umri wa aina mbili.

Hakuna haja ya kulinyanyua jiwe ili uyaone haya yote. Nenda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa chini. Mwanga wa ubavuni huingia kwenye kila kovu na kuacha kivuli; saa saba mchana jiwe hilohilo huonekana laini kama kiazi. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri. Masika yakishaanza, mchanga wa korongoni huwa mzito na kuta humeguka, na kusimama chini ya ukuta uliolowa ni ujinga hata kama unaujua mwamba. Nguzo zisipandwe wala kuegemewa: zinasimama kwa sababu tu juu yake kuna tabaka gumu linalozikinga na mvua, na chini ni mchanga ulioshikana ambao ukucha unaweza kuukwangua. Kwa asiye na gari, mabasi madogo ya Tanangozi, Ifunda na Mafinga hupita Ugwachanya. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, basi simu iwe na salio kabla ya kutoka mjini. Na mwongozo achukuliwe. Ndiye anayejua ni jiwe lipi lilikuwa ukutani mwaka juzi na sasa liko chini.

Jembe likigonga jiwe la aina hiyo

Tabaka zenye zana haziishii kwenye mpaka wa hifadhi. Mtu anayechimba msingi, anayetoa udongo wa matofali au anayelima kando ya korongo anaweza kukutana nazo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863, na jiwe la Isimila limeutangulia mwaka huo kwa mbali. Kukichimba bila kibali ni kosa, kukiuza au kukitoa nje ya nchi bila kibali pia ni kosa, na anayekigundua anatakiwa kutoa taarifa.

Kinachofanyika kwa vitendo ni kusimamisha jembe hapo, si kuchimbua zaidi kuona kama kuna jingine. Usilioshe, udongo uliokauka kwenye makovu una habari zake. Usilikwangue kwa panga kuona rangi ya ndani, maana alama yako itakuja kumpotosha mtu mwingine. Piga picha tatu: moja ya karibu, moja ya hatua tatu nyuma inayoonyesha ukuta au shimo, na moja ya mbali yenye kitu kinachotambulika, kama nyumba au mti mkubwa. Kwenye ile ya karibu weka rula pembeni ya jiwe. Ikikosekana, sarafu au kalamu. Picha ya jiwe isiyo na kipimo haina faida kubwa: shoka la sentimita 30 na kikwangulio cha sentimita 6 vinaweza kufanana kabisa.

Kisha simu itoe mahali ulipo. Simama pale penye jiwe, panapoonekana mbingu, subiri dakika moja au mbili hadi duara kwenye ramani lipungue, halafu nakili namba zote mbili pamoja na tarakimu zote baada ya nukta. Ukinakili tarakimu mbili tu, umekosea kwa kiasi cha kilomita. Tarakimu tano zinakurudisha kwenye mita moja, ingawa simu yenyewe kwa kawaida hukosea mita tatu hadi tano. Chini ya ukuta wa korongo simu hukosea zaidi, kwa hiyo panda juu kwenye ukingo na uandike umbali na upande. Pima kina kutoka juu ya ardhi hadi kwenye jiwe kwa futi ya fundi. Andika rangi ya udongo, kama ni mchanga au mfinyanzi, na, muhimu kuliko yote, kama jiwe lilikuwa limeshikwa na udongo au limelala huru. Funika kwa udongo uleule. Taarifa iende kwa mtendaji wa kijiji, kwake ifike kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na kwa hapo ifike Idara ya Mambo ya Kale.

Wapo watakaosema huu ni usumbufu kwa jiwe moja. Ni kweli ni usumbufu. Lakini jiwe lililotolewa ukutani bila maandishi linabaki na habari moja tu, kwamba mtu fulani wakati fulani alijua kuchonga, na hiyo tulikuwa tunaijua.

Kulizuia korongo

Kinachoila Isimila ni maji yanayoingia kichwani mwa korongo. Kichwa ndicho sehemu ya juu kabisa, ambapo maji ya mvua yanadondoka kama maporomoko madogo, yanachimba chini ya ukingo, ukingo unaning'inia, kisha unaanguka. Kila masika kichwa kinarudi nyuma. Maji hayaji yenyewe kwa wingi huo. Yanaletwa na njia za miguu na mapito ya ng'ombe yanayoteremka moja kwa moja, matuta yaliyolimwa kufuata mteremko, na mifereji ya barabara inayofunguliwa popote.

Watu wengi hukimbilia kujaza mawe ndani ya korongo. Kwingine ni dawa nzuri. Kwenye eneo la kale ni balaa, kwa sababu mawe ya kujazia huokotwa palepale, na shoka la mkono ni saizi inayofaa sana kwa kazi hiyo. Dawa iwe juu, nje ya korongo: mfereji wa kukinga maji unaoyapokea kabla hayajafika kichwani na kuyapeleka pembeni taratibu, kwenye sehemu yenye nyasi nzito. Uwe mbali na kichwa kwa mara mbili hadi tatu ya kina cha korongo pale; ukiwa karibu zaidi, maji yanayonywea chini yatausukuma ukingo na utaangusha ulichotaka kuokoa. Kabla ya sululu ya kwanza, mtu wa Mambo ya Kale apite kwenye mstari huo, kwa sababu hata mfereji ni uchimbaji.

Mteremko wa mfereji ndipo kazi nyingi huharibikia. Unaotakiwa ni nusu hadi moja kwa mia, yaani kushuka nusu mita hadi mita moja kwa kila mita 100. Ukiwa mkali zaidi, mfereji wenyewe unakuwa korongo la pili ndani ya misimu michache. Ukiwa bapa, unajaa tope, maji yanafurika mahali pa chini kabisa na kutoboa hapohapo. Jicho haliwezi kupima hilo. Fremu ya A inaweza: miti miwili ya mita mbili na ushee imefungwa juu, miguu ikiachana mita mbili kamili, mti wa tatu umekatiza katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Simamisha fremu kwenye vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Kisha funga kigae cha mti chenye unene wa sentimita moja chini ya mguu mmoja. Kamba ikisimama kwenye alama ya kati, ardhi inashuka sentimita moja kwa mita mbili, ambayo ni nusu kwa mia. Sentimita mbili inakupa moja kwa mia. Mguu wenye kigae ndio unaotangulia chini, siku zote; ukigeuza fremu katikati ya kazi, mfereji utapanda.

Udongo unaotoka utupwe upande wa chini uwe tuta, na tuta lipandwe nyasi ya vetiva au guatemala mapema, vishina vikiachana kama sentimita 15, mvua za kwanza zikianza. Milingoti (mikaratusi) isipandwe ukingoni. Inakua haraka na inauzika, najua, ila chini yake nyasi hupungua, udongo unabaki wazi, na mizizi inaingia kwenye tabaka zenye zana. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, mfereji usafishwe. Mwaka mmoja ukiachwa, tope la msimu mmoja linatosha kuuziba.

Yaliyoko tayari majumbani

Kuna mawe yaliyochukuliwa zamani, kabla mtu hajajali: limekuwa la kuzuilia mlango, la kunolea jembe, la kupondea karanga. Mwenye nalo akielimishwa, mara nyingi wazo la kwanza ni kulirudisha korongoni kimyakimya. Hapana. Jiwe lililorudishwa mahali pasipo pake ni uongo ardhini, na mchimbaji wa baadaye hatakuwa na njia ya kuujua. Likabidhiwe kwa mhusika wa eneo, pamoja na kinachokumbukwa: nani alilileta nyumbani, mwaka upi hata kwa makisio, kutoka upande gani wa korongo, na limetumika kwa kazi gani, kwa sababu kunolea jembe huacha mikwaruzo itakayodhaniwa ya kale. Maelezo yaandikwe kwenye karatasi kwa penseli na kuwekwa mfuko mmoja na jiwe. Wino wa kalamu hufutika unyevu ukiingia.